Msomaji wa Tone la Damu

Sehemu kubwa ya mateso ya malaria hufanywa na kinga ya mgonjwa mwenyewe. Kimelea hujificha ndani ya chembe nyekundu ya damu, hula himoglobini yake na kujigawa kwa muda wa saa 48 hivi. Wakati huo wote mgonjwa huenda asisikie chochote. Homa hupanda pale chembe zinapopasuka kwa pamoja, jambo ambalo Camillo Golgi alilieleza huko Italia mwaka 1886. Takataka zinazomwagika huamsha chembe nyeupe, nazo hutoa kemikali za kupiga mbiu ya hatari, ziitwazo saitokaini. Kemikali hizo zikifika kwenye ubongo, mwili huamriwa upandishe joto. Kutetemeka, kutoka jasho na kuumwa viungo ni gharama ya mwili kujitetea, na utetezi huo ndio madaktari wanauita inflamesheni.

Basi damu ya mgonjwa wa malaria ina pande mbili, kimelea na kinga, na tabibu hawezi kutibu vizuri bila kuzijua zote. Hapa Bujumbura yupo mtu ambaye kazi yake ni kuzitazama pande hizo kwa macho yake mwenyewe. Ni mtaalamu wa maabara anayesoma damu kwa darubini. Nimetumia saa nyingi kumtazama akifanya kazi, na kila ninavyomtazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ustadi wake ni sehemu ya tiba yenyewe.

Jiji letu liko katika uwanda wa Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari. Mto Rusizi unaingia ziwani karibu na Gatumba, mashamba ya mpunga yametandaa kaskazini, na mbu hawakosi pa kuzalia. Vipimo vya haraka vya kadi vimeenea katika vituo vya afya na vimeokoa wengi. Kadi hujibu ndiyo au hapana ndani ya robo saa. Lakini kadi haihesabu, na kadi nyingi zinazotumika Afrika zinaweza kuendelea kusema ndiyo wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa zinapima protini ya kimelea inayochelewa kutoka kwenye damu. Anayetaka kujua wadudu ni wangapi, wa umri gani, na kama dawa inawapunguza, lazima arudi kwenye kioo na darubini.

Mtaalamu ninayemzungumzia ni mama wa makamo, katika kituo kimoja cha afya upande wa kaskazini mwa jiji. Chumba chake kina dirisha moja, sinki na meza ya saruji. Humshika mtoto kidole cha pete, akakisafisha kwa spiriti na kungoja kikauke, maana spiriti ikichanganyika na damu huharibu chembe. Hutoboa pembeni mwa ncha ya kidole. Tone la kwanza hulifuta kwa pamba kavu. Kisha huweka kwenye kioo kimoja tone dogo upande huu, na matone matatu makubwa kidogo upande ule. Tone dogo hulivuta kwa ukingo wa kioo cha pili, alichokiinamisha kwa nyuzi 45, kwa mkono usiosita hata mara moja, hadi damu iishie kwenye utando mwembamba kabisa. Matone matatu huyaunganisha kwa kona ya kioo hichohicho, yakawa duara lenye upana wa kama sentimita moja. Unene wa duara hilo una kipimo cha zamani ambacho wanafunzi wa maabara wanafundishwa hadi leo: kioo kikilazwa juu ya gazeti, maandishi yaliyo chini yasomeke, lakini kwa shida.

Utando mwembamba huuchovya kwenye methanoli ili chembe nyekundu zigande zilivyo. Tone nene halitakiwi kuguswa na methanoli hata kidogo, kwa sababu humo chembe nyekundu zinatakiwa zipasuke ndani ya rangi, zibaki chembe nyeupe na vimelea peke yake. Kwa njia hiyo damu nyingi hutazamwa kwa mara moja, na mdudu aliye haba huonekana. Rangi yenyewe ni ya Giemsa, iliyochukua jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyeiboresha mwanzoni mwa karne ya 20. Maji ya kuichanganyia hurekebishwa hadi pH 7.2, kwani yakiwa na asidi kiini cha kimelea hakishiki wekundu wake. Rangi ya asilimia 10 hukaa dakika 10. Ya asilimia 3 hukaa hadi dakika 45 na hutoa picha safi zaidi, lakini foleni ya asubuhi mara nyingi hairuhusu anasa hiyo. Kuosha nako kuna adabu yake: maji humiminwa polepole kutoka pembeni, maana tone nene likimwagiwa kwa pupa hubanduka na kwenda na maji, na kidole cha mtoto kikatobolewa tena.

Baada ya hapo ndipo kusoma kunapoanza. Tone la mafuta huwekwa juu ya kioo, lenzi ya 100 ikashushwa hadi igusane nayo, na damu ikatokea ikiwa imekuzwa mara 1,000. Kimelea kichanga cha falsiparamu, aina inayoua zaidi Afrika, ni pete nyembamba ya buluu yenye nukta nyekundu ukingoni. Tatizo ni kwamba vumbi la rangi huiga nukta hiyo, na chembe sahani za damu nazo zikikaa vibaya huonekana kama mdudu. Ndiyo maana kidole cha mama huyu hakiondoki kwenye skrubu ndogo ya darubini. Hushusha na kupandisha muda wote, akipita tabaka moja la damu hadi lingine. Uchafu humetameta unapotoka kwenye mlengo wa lenzi, kimelea hufifia tu. Hukumu hiyo huchukua sekunde chache, lakini iliyoifundisha ni miaka.

Siku moja mzazi mmoja alichungulia mlangoni akauliza, "Muganga, mtoto wangu ana malaria?" Akajibiwa bila jicho kuondoka kwenye lenzi, "Subiri kidogo, mama, bado nasoma." Pete zilikuwa zimekwisha kuonekana. Mtu mwenye haraka angeandika "ndiyo" na kuita mgonjwa mwingine. Yeye alikuwa anahesabu.

Huhesabu akiwa na vihesabio viwili mkononi. Kimoja hubonyezwa kwa kila kimelea, kingine kwa kila chembe nyeupe. Akifikisha chembe nyeupe 200, hutazama vimelea ni wangapi. Wakiwa chini ya 100, huendelea hadi chembe nyeupe 500 ili hesabu isiyumbe. Kisha hutumia kanuni inayochukulia kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Ukikuta vimelea 300 kwa chembe nyeupe 200, mgonjwa ana vimelea 12,000 katika kila mikrolita. Mimi huvutiwa sana na jambo hili: askari wa mwili ndio wanaotumika kuwapima wavamizi. Kanuni hiyo ina udhaifu, kwani watoto, wajawazito na wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaweza kuwa na chembe nyeupe nyingi kuliko hizo au chache mno. Msomaji mzuri akiona chembe nyeupe zimeadimika kwenye tone zima huandika hivyo pembeni ya jibu lake, ili tabibu afikirie zaidi ya malaria.

Chembe nyeupe zenyewe nazo zina habari. Kimelea kikila himoglobini huacha masizi ya rangi ya kahawia iliyokolea, na chembe nyeupe huyameza. Mwaka 1995 watafiti waliokuwa wakitibu malaria kali huko Vietnam walionyesha kwamba kadiri chembe nyeupe nyingi zinavyoonekana zimebeba masizi hayo, ndivyo hali ya mgonjwa inavyokuwa mbaya, hata kama pete zinazoonekana ni chache. Sababu ni kwamba falsiparamu akikua hakai kwenye mzunguko. Chembe aliyomo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwamo ya ubongo, na damu ya kidole ikabaki na wachanga tu. Saitokaini za kinga huzidisha balaa, kwa kuwa zinazifanya kuta za mishipa zitoe vishikio vingi zaidi vya kunasia. Hivyo masizi yanayoonekana kwenye kioo ni ushahidi wa jeshi lililojificha. Mama huyu akiyaona, au akiona vimelea vilivyokomaa ambavyo kwa kawaida havipaswi kuwa kwenye damu ya kidole, hainuki kutafuta karatasi. Anamwita muuguzi papo hapo.

Namba ikishapatikana, inahitaji kusomwa pamoja na mwenye damu. Robert Koch, alipokuwa New Guinea mwaka 1900, aliona kwamba watoto wa maeneo yenye malaria ya kudumu wamejaa vimelea, ilhali wazazi wao wana wachache na wanafanya kazi zao. Mwaka 1961 Ian McGregor na wenzake huko Gambia walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima wa nchi hiyo, wakawapa watoto wagonjwa, na vimelea wakapungua sana. Kinga ya malaria ipo, lakini hujengwa kwa kuumwa mara nyingi, na hudhoofika mtu akikaa miaka mbali na mbu. Mtu mzima wa Gatumba anaweza kuwa na vimelea 200 kwa mikrolita na homa yake ikawa imetoka kwingine kabisa, labda nimonia au taifodi. Namba hiyohiyo kwa mtoto aliyeshuka wiki mbili zilizopita kutoka milima ya Muramvya, au kwa ndugu yetu aliyekuja likizo kutoka Brussels, inaweza kuwa mwanzo wa hatari kubwa.

Nchi hii imelipia somo hilo kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2000 na kuingia 2001, malaria ilipanda hadi nyanda za juu, Kayanza na Ngozi zikiwa miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Wagonjwa walioandikishwa walikaribia milioni 3, katika nchi ambayo wakati huo haikuwa na watu milioni 7. Kule watu wazima walianguka sawa na watoto, kwa sababu miili yao haikuwahi kumzoea mdudu huyu. Klorokwini nayo ilikuwa imeshindwa. Mwaka 2003 Burundi ilihamia kwenye artesunati ikichanganywa na amodiakwini, ikiwa kati ya nchi za mwanzo Afrika kufanya hivyo. Machi 2017 serikali ilitangaza mlipuko tena.

Mtu anaweza kuuliza: kama inflamesheni ndiyo inayotesa, kwa nini tusiizime? Swali hilo lilijaribiwa. Matokeo ya utafiti uliofanyika Thailand yalichapishwa mwaka 1982. Wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo waligawanywa, nusu wakapewa deksamethasoni, dawa inayotuliza kinga. Vifo havikupungua. Kati ya walionusurika, waliopewa dawa hiyo walikaa bila fahamu saa 63 kwa wastani, wasioipata saa 47. Miaka 38 baadaye, katika utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao RECOVERY, deksamethasoni hiyohiyo ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, ila haikuwasaidia wale ambao hawakuhitaji oksijeni. Kutuliza kinga huponya pale kinga ilipovuka mpaka na kuwa ndiyo ugonjwa. Pale adui anapokuwa bado kazini, huweza kumwongezea mgonjwa taabu. Kwenye malaria, kilichopunguza vifo ni kumuua mdudu upesi, kwa artesunati ya sindano: mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika ulionyesha kwamba vifo vilipungua kwa zaidi ya moja ya tano, ikilinganishwa na kwinini.

Lakini dawa ya kumuua mdudu humfaa tu aliye naye, na hapo ndipo thamani ya jibu la "hapana" inapoonekana. Kusema kioo hakina kimelea kunadai uvumilivu kuliko kusema kinacho, kwani aliyekiona kimoja amemaliza shaka, na asiyekiona hana budi kupitia angalau maeneo 100 ya tone nene kabla ya kuandika. Mgonjwa aliyepewa "hapana" ya kweli hupimwa kifua, mkojo, makohozi, na ugonjwa wake halisi ukapatikana kabla haujaota mizizi. Aliyepewa "ndiyo" ya uvivu hurudi nyumbani na vidonge vya malaria huku nimonia ikiendelea kumla.

Nimemwona mama huyu akichukua kioo alichokwisha kukisoma, akampa mwenzake bila kumwambia namba yake, na kungoja. Namba zikiachana sana, msomaji wa tatu huitwa. Hakuna anayekasirika. Ndivyo vitabu vya kazi yao vinavyoelekeza, lakini vitabu peke yake havimfanyi mtu akubali kusahihishwa mbele ya mwanafunzi saa saba mchana, foleni ikiwa bado ndefu. Hilo linatoka kwenye tabia iliyolelewa.

Tunawajua madaktari wetu kwa majina na tunawashukuru. Wasomaji wa damu hatuwajui, ingawa dawa inayoandikwa imesimama juu ya hesabu yao. Wanahitaji lenzi zisizo na ukungu, rangi isiyopitwa na tarehe, umeme usiokatika katikati ya tone, na mwenzao wa pili wa kuhakiki. Zaidi ya hayo wanahitaji dakika zao zote kwa kila kioo. Msimamizi anayewahimiza waharakishe ili foleni ipungue anapunguza tiba, na mzazi anayeambiwa "bado nasoma" ana kila sababu ya kungoja kwa moyo mweupe.