Gazeti la Mtawala na Kinywa cha Mpagazi

Mhakiki apimaye maandishi ya wakati wa vita hana budi kuuliza maswali mawili: mwandishi alisema nini, na aliruhusiwa kusema nini? Alisahauye swali la pili humhukumu mwandishi kwa kosa la mtawala.

Gazeti la Kiongozi lilianza mwaka 1904 katika shule ya serikali ya Wadachi mjini Tanga. Waliolisoma na kuliandikia aghalabu walikuwa walimu, makarani na maakida, watu waliokula mshahara wa serikali. Kwa hiyo sifa za Kaisari hazikukosekana humo. Lakini kando ya sifa hizo palikuwa na habari za mvua, njaa na simba, zilizoandikwa na watu wa nchi kwa lugha yao. Sifa ziliandikwa kwa amri. Habari hizi ziliandikwa kwa ruhusa tu, na amri na ruhusa si kitu kimoja.

Tofauti hiyo ilionekana Uchina pia, Wajapani walipoitamalaki. Mjini Shanghai, mwaka 1943, Zhang Ailing alipata jina kwa hadithi za nyumba na ndoa, akaziacha bendera. Mjini Beijing, Zhou Zuoren alikubali cheo, na baada ya vita akafungwa. Wote wawili waliandika chini ya mtawala mmoja, wala hawastahili hukumu moja.

Tanga ilitekwa na Waingereza Julai 1916, na mwaka huo huo Kiongozi likanyamaza. Tarehe 19 Septemba majeshi ya Kongo ya Wabelgiji, chini ya Tombeur, yaliingia Tabora. Msomaji wa mji ule alibadilishiwa bwana, na gazeti la bwana wa kwanza halikumfikia tena. Hata hivyo ujuzi wa kusoma haukutekwa. Mambo Leo lilipotokea mwaka 1923, lilikuta wasomaji tayari.

Hiyo ndiyo sifa ya Kiongozi, na hapo ndipo ulipo mpaka wake. Vita ile iliwaua wapagazi maelfu kwa maelfu, na Unyamwezi, nchi ya misafara tangu zamani, ilitoa mabega mengi. Gazeti la serikali halikuwa mahali pa mpagazi kuweka kilio chake. Huko Ulyankulu, habari za Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, zilikwenda kwa kinywa na kwa nyimbo kabla ya karatasi yoyote kufika. Na kilio cha mpagazi hakikuwa na njia nyingine ila hiyo.

Basi mwanachuoni atakayeisoma vita ile katika magazeti peke yake atakuwa amemsikiliza karani, na mpagazi atakuwa amemzika mara ya pili.