Sangara Aliyemeza Hadithi Nzima

Nikisema napenda kusoma habari za Ziwa Victoria, watu huniuliza kama nimeiona Darwin's Nightmare. Nimeiona mara tatu. Filamu hii ya Hubert Sauper, raia wa Austria, ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2006 ikawania tuzo ya Oscar, na mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete akaikosoa hadharani. Ubishi wetu ukaishia kwenye bunduki na mapanki: je, ndege zinazobeba minofu kutoka Mwanza huja na silaha? Je, watu wanakula vichwa na mifupa kwa kukosa minofu? Ni maswali ya haki. Lakini swali lililomo kwenye jina la filamu lenyewe hatukuliuliza: Darwin anaingiaje hapa?

Anaingia kwa sababu ya furu. Hao ni samaki wadogo, wengi wao wa kuenea kiganjani, waliokadiriwa kuwa aina 500 au zaidi katika ziwa hili. Wanajiolojia wengi wanaamini ziwa lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya. Kwa saa ya mabadiliko ya viumbe, huko ni kufumba na kufumbua. Katika muda huo wakatokea furu wanaokwangua mwani, wanaovunja konokono, hata wanaoiba mayai ya wenzao. Hiyo ndiyo ndoto ya Darwin. Mtazamaji asipooneshwa ndoto, jinamizi litamtishaje?

Sauper ana jicho. Mwongoza ndege anayewinda wadudu kwa gazeti ndani ya mnara wake anatueleza hali ya uwanja ule kuliko hotuba yoyote. Simlaumu kwa kuonesha umaskini wa Mwanza; upo. Namlaumu kwa sitiari yake: sangara anayekula wote ndiye biashara ya dunia inayokula wote. Sitiari hiyo ni nzuri mno, na imekula sayansi pia.

Filamu ilitangazwa kama kisa cha jaribio dogo la kisayansi la miaka ya 1960. Ukweli ni kwamba sangara alianza kupandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, chini ya utawala wa Mwingereza, na walioutaka mpango huo walikuwa maofisa wa uvuvi waliotamani samaki mkubwa. Wapo wanasayansi waliopinga. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer alichapisha makala ya kuonya katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Ukiliita jaribio la kisayansi, unamtwika mzigo yuleyule aliyesema msifanye.

Halafu kuna maji yenyewe. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionesha katika jarida la Science kwamba furu wanaangamizwa pia na tope na mwani. Furu jike huchagua dume kwa rangi. Kuna furu aitwaye Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu. Jamaa yake, Pundamilia pundamilia, ni wa bluu. Kwenye maabara, chini ya taa iliyofuta tofauti ya rangi hizo, majike waliacha kubagua. Ziwani, udongo unaomomonyoka mashambani na majitaka ya miji yetu hufanya kazi ya taa ile. Aina mbili zinazaliana na kuwa moja, bila samaki yeyote kuliwa.

Habari hii haina ndege ya Kirusi wala mnunuzi wa Ulaya. Mkosaji ni shamba lililolimwa hadi ukingoni na mtaro unaopita nyuma ya nyumba zetu. Ndiyo maana naona filamu imetupunguzia kazi: imetupa adui wa mbali wa kumkasirikia, na serikali ikapata mgeni wa kumkasirikia. Mtaro ukabaki palepale.

Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyefanya utafiti Mwanza miaka ya 1980, alishaandika kitabu kuhusu jambo hilihili mwaka 1994. Kiingereza chake, Darwin's Dreampond, kilitoka 1996. Anasimulia jinsi timu yake ilivyokuwa ikihesabu aina ambazo bado hazijapewa majina huku nyavu zikija na sangara watupu. Kinamvuta msomaji polepole, na hakimwachii adui mmoja. Kasoro yake kubwa kwetu ni kwamba sijaiona nakala ya Kiswahili, wakati baadhi ya samaki wale wana majina ya Kiswahili.

Itazameni filamu, lakini msiishie hapo. Baada ya sangara kuvuliwa sana, baadhi ya furu walirejea katika Ghuba ya Mwanza, na aina mojawapo ilikutwa na matamvua makubwa kuliko ya wazazi wake wa zamani, kwa kuishi kwenye maji yenye oksijeni haba. Mambo hayo yalitokea wakati kamera zinaizunguka Mwanza. Bado namsubiri mtu wa huku atakayeyapiga picha.