Sauti na Maandishi: Filamu Mpya katika Kumbi za Nairobi

Wahakiki wamezoea kuijadili filamu kana kwamba ni kitu kimoja popote ionyeshwapo. Mgeni ajaye Nairobi kwa siku chache, akapenda kuziona filamu mpya za Afrika ya Mashariki katika kumbi mbalimbali, atagundua upesi kwamba sivyo. Ukumbi nao husema, na aghalabu husema kwa lugha isiyo ya waigizaji.

Kumbi zenyewe zimehama. Katika miaka ya 1970 mtu alikwenda Odeon au Cameo katikati ya mji, ama Shan kule Ngara kwa filamu za Kihindi, na watazamaji wote walisimama kwa wimbo wa taifa kabla ya picha kuanza. Shan ilinunuliwa na Sarakasi Trust ikawa ukumbi wa sarakasi na ngoma. Siku hizi sinema kubwa zimo ndani ya majengo ya maduka, penye viti laini na bisi. Mitaani kuna vibanda vya video: mabati, mabenchi, televisheni na spika, na ubao wa chaki mlangoni.

Yafaa kuanza na filamu ya David Gitonga, Nairobi Half Life (2012), kwa kuwa nyingi za baadaye zimefuata njia yake. Mhusika mkuu, Mwas, huuza filamu za mapigano kijijini, naye huzitangaza kwa kuziigiza mbele ya wateja. Anapofika mjini, hatua za maisha yake husikika katika lugha: Kikuyu na Kiswahili cha nyumbani, Sheng ya genge, Kiingereza cha jukwaa la tamthilia. Humo ndimo ilimo fani ya filamu hii. Lakini maandishi ya tafsiri yapitayo chini ya picha hayana budi kuyasawazisha yote hayo kuwa Kiingereza cha namna moja. Chukua mfano wa maneno matatu ya mjini: polisi, karao na afande. La kwanza hutaja kazi. La pili hutamkwa na anayekimbia. La tatu na aliyekwisha kukamatwa. Mistari miwili ya tafsiri haina nafasi ya tofauti hiyo, ingawa ndiyo inayoonyesha nani ana nguvu juu ya nani.

Huenda ikajibiwa kwamba maandishi hayo ni ya wageni, na kwamba mwenye lugha yake aweza kuyapuuza. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama jicho lingeweza kukataa kusoma. Katika ukumbi wa watu wanaojua lugha zote mbili kicheko hutoka mara mbili: wasomaji wepesi hucheka kabla mwigizaji hajaimaliza kauli yake, na wasikilizaji hucheka baadaye, peke yao. Hali ni mbaya zaidi pale lugha ya asili ilipo ya kifasihi. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, hupoteza kitu tangu jina. Kwa Kiswahili mna nafsi mbili, anayeambiwa avute na anayeahidi kuvuta. Kwa Kiingereza limekuwa jina la mchezo wa kamba, na watu wote wawili wametoweka.

Kibandani mambo hugeuka. Huko filamu ni ya Marekani, India au Hong Kong, na sauti yake hupunguzwa ili msimulizi aseme juu yake. DJ Afro ndiye ajulikanaye zaidi nchini Kenya. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu wake. Hapana haja ya kumsifu msimulizi kupita kiasi. Hubuni palipokuwa na maneno mazuri tayari, hurudia mizaha, na pengine huifunika kauli muhimu kwa kelele zake. Hata hivyo, amri yake juu ya hadhira ni ile ile ya mtambaji wa ngano: huwaita wasikilizaji, huwapa wahusika majina ya mtaani, hutangulia kudokeza hatari, huwakumbusha kwamba staringi hafi. Hatafsiri maneno, husimulia kisa upya kwa Kiswahili kinachoishi, nayo picha huwa kielelezo tu. Mwenye kufundisha fasihi simulizi kwa kutegemea vitabu peke yake angefaidika na jioni moja kwenye mabenchi hayo.

Kwa hiyo mji mmoja una ukumbi ambamo Kiswahili huzungumzwa na Kiingereza husomwa, na mwingine ambamo Kiingereza hunyamazishwa ili Kiswahili kitawale. Watengenezaji wa filamu wetu huandikia ule wa kwanza, kwani ndiko ziliko tamasha za nje na wafadhili. Likarion Wainaina alikaribia kuvuka mpaka huo katika Supa Modo (2018), ambamo kijiji kizima hushirikiana kumtengenezea filamu mtoto Jo, anayeumwa ugonjwa usiopona. Wanakijiji wale hawaulizi filamu itaeleweka vipi ng'ambo. Mtazamaji wao ni mmoja, wanamjua kwa jina, na muda wake ni mfupi.