Vijana Wawili na Karatasi ya Kiingereza

Katika sura ya kwanza ya kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o, Decolonising the Mind, kilichopigwa chapa mwaka 1986, yamo mambo mawili yatupasayo sisi walimu kuyatafakari.

La kwanza ni kifungo cha nguo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Kenya mwaka 1952, Kiingereza kilifanywa lugha ya mafundisho katika shule yake, na mtoto aliyesikiwa akisema Kikuyu alichapwa, au alivikwa shingoni bamba lenye maneno ya kumdharau. Kifungo kile kilipita mkono kwa mkono, akipewa kila aliyenaswa. Na jioni aliyekutwa nacho alimtaja aliyempa, naye akamtaja wa nyuma yake. Hivyo watoto walifundishwa kusalitiana. Hayo wengi wameyasimulia, wala sitakaa hapo.

La pili ndilo lililonishika. Kijana mmoja wa darasa lake alipata alama za juu kabisa katika masomo yote, ila Kiingereza alishindwa. Akahesabiwa ameshindwa mtihani mzima, akaishia kuwa utingo wa basi. Ngũgĩ mwenyewe alifaulu kwa kadiri tu, ila katika Kiingereza alifanya vizuri, naye akaingia Alliance High School. Mtungaji hajisifu, asema wazi kwamba mlango ulifunguliwa na somo moja. Sijasoma ushuhuda wa shule ulio mnyofu kuliko huu.

Lakini hapa nina neno naye. Kama Kiingereza ndicho kilichokuwa lugha ya masomo, kijana yule alizipataje alama zake nyingine? Bila shaka alikijua cha kutosha kwa kujifunzia. Basi karatasi ile ilipima nini? Ngũgĩ hasimami kuuliza. Aenda mbio kuishitaki lugha yenyewe, na mizani yabaki bila kuchunguzwa.

Watahini wa Cambridge, ambao mitihani yao hufanywa hata leo katika shule kadha wa kadha za Afrika Mashariki, huweka karatasi mbalimbali: moja ya Kiingereza kama lugha ya kwanza, nyingine kama lugha ya pili. Katika ile ya kwanza, mtindo na uteuzi wa maneno huchukua alama nyingi. Wamekiri, basi, kwamba aliyelelewa katika lugha na aliyeikuta darasani hawapimwi kwa kibaba kimoja.

Kwetu Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali, kwa kawaida, husoma kwa Kiswahili. Kisha, akiingia sekondari, elimu ya viumbe huulizwa kwa Kiingereza, naye hujibu kana kwamba alinyonya nacho. Mimi nami nimeishika mizani hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa jinsi mbu achukuavyo malaria kwa mgonjwa na kumtia mzima. Akaandika mistari minne isiyoeleweka, nikampa alama mbili katika kumi. Jioni nilimwuliza jambo lile lile kwa Kiswahili, tukiwa tumesimama penye kisima cha shule. Akanieleza yote, asiruke hata hatua moja. Alama sikuzibadili, kwa kuwa sheria ni kusahihisha yaliyoandikwa.