Kipindupindu Hakina Kovu

Muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili tulipewa kusoma makala ya Liisa Malkki ya mwaka 1996, Speechless Emissaries, yaani wajumbe wasio na sauti. Nilipigia mistari karibu kila ukurasa. Katikati ya miaka ya 1980 Malkki alifanya utafiti kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, kule Mishamo na mjini Kigoma, na hoja yake mtu wa Kasulu haimshangazi: watoa misaada huamini kidonda cha mkimbizi kuliko maelezo yake. Jeraha ni ushahidi. Maneno ni siasa, au porojo.

Likizo nikarudi nayo nyumbani, na hapo ikaanza kunikwaza.

Chukua Kagunga, Mei 2015. Kijiji cha ufukweni, milima nyuma, Ziwa Tanganyika mbele. Maelfu ya Warundi walijazana pale wakisubiri MV Liemba iwavushe hadi Kigoma, kisha mabasi ya Nyarugusu. Baadhi walikuwa wanakimbia kwa mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993. Kipindupindu kikazuka. Ndani ya wiki chache waliougua walifika kama 3,000 na vifo 31 vikaripotiwa.

Ugonjwa huu hauachi kovu la kupigwa picha. Kwa mantiki ya Malkki, mgonjwa wa Kagunga amenyang'anywa hata ule ushahidi wa mwili. Amebaki namba kwenye jedwali. Mpaka hapo nakubaliana naye.

Ila Malkki anasikiliza zaidi ofisi kuliko wodi. Huku kwetu muuguzi Muha na mgonjwa Mrundi hawahitaji mkalimani, Kiha na Kirundi vinaelewana. Na tiba yenyewe ni maongezi: umeanza kuhara lini, umekojoa? Ndugu anapewa kikombe cha maji ya chumvi na sukari, anaambiwa ampe kidogo kidogo, hata akitapika asiache. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipojaza wakimbizi India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akawakabidhi ndugu vikombe vya namna hiyo, na vifo vikapungua mno.

Mama yangu mdogo ni muuguzi, alikuwa Kagunga siku zile. Nikamtafsiria aya mbili tatu.

"Mwanangu," akasema, "hao watu hawakukosa sauti. Sauti ilikauka."

Alimaanisha hivyo hivyo. Kipindupindu kikali hukausha mwili mpaka sauti inapotea, mgonjwa ananong'ona kwa shida. Maji yakiingia, sauti inarudi. Yeye alikuwa anaisikilizia hiyo kama dalili, sawa na mapigo ya moyo.

Hapo ndipo nadhani makala inapungukiwa. Inatufanya tuamini hakuna aliyesikia, wakati waliosikia walikuwepo, zamu ya usiku, kwa lugha ya kwao. Fomu tu ndiyo haikuwa na safu ya kuandika walichosikia, na sisi wa vyuoni hatukwenda kuwauliza. Mimi mwenyewe nimeishi na mmoja wao miaka yote hiyo bila kumuuliza.

Safari hii nilimuuliza. Akamkumbuka mama mmoja aliyekaa na dripu tangu jioni. Alfajiri sauti ikamrudia, na swali lake la kwanza lilikuwa nani amechukua sufuria yake.

"Ukamjibu nini?"

"Nikaenda kuitafuta."