Majani Yaliyofanya Kazi Iliyoishinda Amri

Maji ya bomba Raskazone, jijini Tanga, yanatoka mto Zigi na kukingwa kwenye bwawa la Mabayani. Udongo unaoingia bwawani wakati wa masika umeng'olewa na mvua huko juu, kwenye mashamba ya miteremko ya Usambara Mashariki. Kwa hiyo swali la kwa nini mkulima akubali au akatae kuchimba makingamaji linamhusu pia anayelipa bili ya maji mjini.

Jibu limeshajaribiwa jirani tu, Usambara Magharibi, tena mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Mlalo, baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya kikoloni iliamuru matuta, asiyechimba akiadhibiwa. Kitaalamu matuta hayakuwa upuuzi. Yanapunguza kasi ya maji. Ila mzigo wa jembe uliwaangukia zaidi wanawake, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula. Na aliyelima shamba la kuazima alijichosha kwa ardhi isiyo yake. Wasambaa wakagoma, TANU ikapata hoja, na mpango ukafa kabla ya Uhuru.

Mara ya pili ilikuwa SECAP, mradi wa kuhifadhi udongo wilayani Lushoto, ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Ujerumani. Safari hii mkulima alipanda majani ya Guatemala na miti kwa kufuata kontua. Mizizi inashika udongo, lakini kilichomvuta mtu ni kwamba majani yale ni chakula cha ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani. Ng'ombe anatoa maziwa ya kuuza na samadi ya kurudisha shambani. Hifadhi ya udongo ikawa faida ya pembeni, na nadhani hapo ndipo penye siri yote. Asiye na ng'ombe, mwenye robo eka, aliona mistari ile inamla nafasi ya mahindi, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Matuta ya ngazi na fanya juu ni habari nyingine. Katika fanya juu unachimba mtaro, udongo unaurusha upande wa juu, na miaka inapopita mteremko unajisawazisha wenyewe. Mtafiti Albino Tenge na wenzake, walioandika kuhusu Usambara Magharibi mwaka 2004 na 2005, walionyesha kuwa gharama huzidi mapato katika miaka miwili ya mwanzo, ingawa baadaye njia hizi hulipa. Waliona pia kwamba kutokuwa na uhakika wa ardhi na kuwa na kazi nje ya shamba humpunguzia mkulima hamu, huku vikundi na ziara za bwana shamba vikimwongezea. Semina hazitibu njaa ya miaka miwili.

Tukirudi Zigi: mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, na kutunza mazingira ni sehemu ya madhumuni yake. Bonde la Zigi tayari lina umoja wa wakulima, UWAMAKIZI, na mazao yanayoshika udongo bila kulimwa kila msimu: karafuu, mdalasini, pilipili manga. Lakini mkarafuu nao hauzai mwaka wa kwanza, wala wa pili. Kinachotakiwa kujadiliwa mjini ni kiasi gani cha fedha kitamfikia mkulima katika kipindi hicho cha kusubiri, na kama yule aliyeazima shamba, ambaye kwa desturi haruhusiwi kupanda mti, atahesabiwa.