Pawasoo Bila Mti

Nilipoacha chuo nilinunua pedali ya Boss HM-2, nikazungusha vile vidude vyake vinne vyote mpaka mwisho, vile Entombed walifanya Stockholm kwa Left Hand Path, albamu yao ya 1990. Gitaa likanguruma kama pawasoo. Nikajiona nimefika. Wiki mbili baadaye sikuwa na wimbo hata mmoja.

Ukisema bendi fulani ni kopi ya Entombed, mashabiki wanakujia juu: death metal yote si ni kuigana? Sawa, lakini angalia waliiga nini. Entombed wenyewe walichukua cha mtu. Ule wimbo wenye jina la albamu, ukikaribia mwisho, unapunguza mwendo na kuingiza melodi ya Phantasm, filamu ya kutisha ya 1979. Hapo ndipo nywele husimama, kila mara. Walitoka nje ya metal kabisa kuitafuta.

Waigaji wao hubeba pawasoo tu. Inanguruma vizuri, wallahi, ila hakuna mti.

Pedali bado ninayo. Siku hizi natunga kabla sijaiwasha, na mengi ninayotunga ni mabaya.